Unguja ya 1859 katika riwaya ya mapenzi: kuipenda Trade Wind pamoja na ila zake

Binti mmoja wa Boston, Hero Athena Hollis, yatima mwenye mali na mwenye msimamo juu ya kila jambo, anapanda meli mwaka 1859 kwenda Unguja, ambako ami yake ni balozi mdogo wa Marekani. Kichwa chake kimejaa habari za utumwa, na ameazimia kwamba akifika huko hatakaa barazani kupiga soga na wake za mabalozi, bali atafanya jambo la maana. Kabla hajafika, dhoruba inamtupa baharini, na anayemwopoa ni nahodha Mwingereza aitwaye Rory Frost, ambaye meli yake, Virago, hubeba watumwa na magendo ya kila aina. Hapo ndipo Trade Wind, riwaya ya mapenzi ya kihistoria ya M. M. Kaye iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, inaposhika kasi, na hapo ndipo mimi, mtu wa Unguja niliyeifungua nikiwa na mashaka mengi, niliponaswa.

Niliisoma kwa hamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo nimeirudia. Nimekasirishwa nayo pia, na hasira hiyo haikupungua niliporudia. Iliongezeka, kwa sababu safari ya pili msomaji anajua kinachokuja na hana tena cha kumvuruga mawazo. Nataka kuyaeleza yote mawili bila moja kulifuta jingine. Utamu wa kitabu hiki ni wa kweli na ila zake si ndogo, na kwa maoni yangu vyote vina chanzo kimoja: pale Kaye alipoiamini historia ya Unguja aliandika vizuri kupita kiasi, na pale alipoziamini kanuni za riwaya za mapenzi za zama zake alianguka vibaya.

Kaye mwenyewe alizaliwa Simla, India, mwaka 1908, akaolewa na afisa wa jeshi la Uingereza, na Unguja aliifahamu kwa kufika. Jambo hilo linaonekana. Mji wake una harufu ya karafuu na mbata, lakini una pia harufu ya papa mkavu, ya maji machafu na ya pwani wakati bahari imekupwa. Majumba yake ni marefu, yamebanana, yana ua wa ndani na ngazi zenye giza, na ndani ya majumba hayo watu husikia zaidi kuliko wanavyoona. Mwandishi aliyeijua Unguja kwa picha tu asingejua kwamba katika mji ule siri haikai, kwa kuwa roshani ya jirani iko hatua chache kutoka dirishani kwako. Kaye alilijua hilo, na sehemu kubwa ya fitina za kitabu chake inategemea jambo hilo tu: nani alimwona nani akiingia nyumba gani, na saa ngapi.

Ameujua vilevile upepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi, na katika karne ya 19 ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kusi hufuata na kuyarudisha. Katika riwaya nyingi za baharini hali ya hewa ni mapambo, inaletwa pale mwandishi anapotaka radi. Katika hii, upepo unaamua nani yuko mjini na nani hayuko, biashara gani inawezekana na ipi imefungwa, na lini mji unapaswa kuingiwa na hofu. Majahazi ya maharamia kutoka kaskazini yanapotia nanga, akina mama wanaficha watoto wao, na hilo halikutungwa. Wakazi wa Unguja wa miaka ile walikuwa na sababu ya kuwaficha watoto kila Kaskazi ilipoanza, kwa kuwa miongoni mwa wageni wa msimu walikuwamo watekaji, na mtoto akishaingizwa jahazini na tanga likapandishwa hakuwa na njia ya kurudi.

Lakini kilichonishika zaidi ni siasa. Sikutarajia kukuta ndani ya riwaya ya mapenzi, ya aina ambayo jalada lake huwa na mwanamke aliyeangukia kifuani mwa baharia, maelezo ya mgogoro wa urithi wa Sayyid Said yaliyo wazi kiasi kile. Sayyid Said bin Sultan alifariki Oktoba 1856 akiwa safarini kutoka Maskati, karibu na Ushelisheli, na dola yake ikabaki na vichwa viwili: Thuwaini upande wa Maskati na Majid upande wa Unguja. Kulikuwa na kijana wa tatu, Barghash, aliyekuwa ndani ya meli ile ile baba yake alipokata roho, na ambaye hakuona kwa nini Majid awe mtawala na yeye asiwe. Mwaka 1859 Thuwaini alijiandaa kuja na majeshi yake, Waingereza wakamzuia. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo Barghash akaasi.

Kaye anauchukua uasi huo na kuufanya uti wa mgongo wa sehemu ya kwanza ya hadithi yake. Hero, ambaye ameambiwa kwamba Majid ni dhaifu na kwamba Barghash atakomesha uovu, anajiingiza katika njama kwa nia njema kabisa, na nia hiyo njema inaishia katika umwagaji damu. Naipenda sana sehemu hii. Waandishi wengi wangemfanya binti wa Boston awe shujaa anayewafungua wanyonge minyororo. Kaye anamfanya awe mtu anayeona robo ya jambo na kudhani ameona jambo zima. Hero hajui lugha, hajui nani ni ndugu wa nani kwa mama yupi, hajui kwamba anayemsifu Barghash mbele yake ana maslahi yake mwenyewe. Tunamwona akitoa hukumu, na kurasa kadhaa mbele tunaona gharama ya hukumu ile ikilipwa na watu wasiomjua hata kwa jina.

Hapa inafaa niseme kidogo juu ya tukio lenyewe la kihistoria, kwa kuwa msomaji akilijua atakifurahia kitabu maradufu. Tunalo kutoka kwa mtu aliyekuwamo ndani yake: Sayyida Salme binti Said, dada wa Barghash na wa Majid kwa baba, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu. Salme alikuwa karani wa njama. Alikuwa mmoja wa mabinti wachache wa jumba la Mtoni waliojua kuandika, na ujuzi huo aliupata kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma na si kuandika. Kwa hiyo barua za uasi zilikuwa na mwandiko wake. Nyumba ya Barghash mjini ilipozingirwa na askari wa Majid, Salme na dada yake Khole walikwenda huko usiku pamoja na kundi la wanawake, wakadai kuingia kumwona ndugu yao. Walipozuiwa walifanya jambo ambalo mwanamke wa hadhi yao hakulifanya hadharani: walizungumza wenyewe na mkuu wa askari, ana kwa ana. Yule mtu aliduwaa, akawapisha. Walipotoka, Barghash alikuwa katikati yao, amevishwa mavazi ya kike yaliyomwacha macho tu, na wanawake warefu kuliko wote wamewekwa pembeni yake ili urefu wake usimfichue. Askari wakajitenga kwa heshima, wakawaacha wapite. Baada ya kutoka nje ya mji walikimbia.

Kisha ikaja Marseilles, shamba lililokuwa limegeuzwa ngome, ambako watu wengi walikufa; Barghash akarudi mjini kwa siri, akagunduliwa, na mabaharia wa manowari ya Kiingereza Assaye wakasaidia kumlazimisha asalimu amri. Alipelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, uliitenga rasmi Unguja na Maskati, kwa sharti kwamba Unguja iilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Na yule mwasi aliyetoroka katikati ya wanawake akawa Sultani mwaka 1870, ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyetia saini, huku akitishwa na manowari, mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Mkunazini.

Nikiwa nimeyasoma haya katika kumbukumbu alizoziandika Salme kabla ya kuifikia riwaya, nilitegemea kuona Kaye akiyapaka rangi hadi yasitambulike. Hakufanya hivyo. Amebadilisha anachohitaji: balozi mdogo wa Uingereza, ambaye katika historia ni Christopher Palmer Rigby, kwake anaitwa Kanali Edwards, na Wamarekani wake ni wa kubuni. Mabadiliko hayo nayaona kuwa ya busara, kwa sababu yanampa uhuru wa kuwatia maneno vinywani bila kumsingizia mtu aliyeishi. Mwendo wa uasi wenyewe ameufuata kwa uaminifu. Msomaji wa London au New York aliyenunua kitabu hiki kwa ajili ya busu alitoka nacho akijua tofauti kati ya Majid na Barghash, na sidhani kwamba alijifunza hilo shuleni.

Lipo jambo moja ambalo Kaye angeweza kulichimba zaidi, na nasema hivi kwa sababu lingemfaa Hero kuliko unabii wa ajuza mmoja wa Kiairishi ambao Kaye anakifungulia kitabu. Hero anatoka Massachusetts, na Massachusetts haikuwa ngeni Unguja. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem, mji ulio jirani na Boston. Meli za Salem zilileta marekani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo misafara ya bara iliitumia kama fedha, na kwa miaka mingi nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya New England kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Zikirudi zilibeba sandarusi na pembe za ndovu, na pembe hizo zilikwenda kuchongwa vibonye vya piano huko Connecticut. Kwa hiyo binti wa Boston aliyekaa sebuleni akipiga piano na kulia juu ya utumwa wa Afrika alikuwa ameigusa biashara hiyo kwa vidole vyake. Rory Frost, ambaye hana imani hata kidogo na wema wa watu wastaarabu, ndiye mhusika aliyefaa kumwambia Hero hivyo kwa kirefu. Ugomvi wao ndio roho ya kitabu, na ungekuwa mkali zaidi kama ungesimama juu ya mizigo halisi iliyokuwa ikipakuliwa forodhani.

Sasa nifike kwenye ila kubwa, ambayo msomaji yeyote anastahili kuijua mapema.

Katika nyumba ya Rory yumo Zorah. Ni msichana aliyenunuliwa, akakua mikononi mwake, akawa suria wake na kumzalia binti, Amrah. Zorah anatendewa unyama na mwanamume mweupe, na unyama huo unaishia katika kifo chake. Rory anapogundua kwamba aliyefanya hivyo ni Clayton Mayo, mchumba wa Hero, analipiza kisasi kwa kumteka Hero na kumbaka. Kisha, hatua kwa hatua, riwaya inatuomba tulichukue tendo hilo kama mlango wa mapenzi. Hero atamchukia, atamtafakari, atamhitaji, na mwishowe ataondoka naye.

Najua kwamba mtindo huu haukuwa wa Kaye peke yake. Riwaya za mapenzi za kihistoria za Kiingereza za miaka ya 1970 zilijaa mashujaa wa namna hiyo, na Trade Wind ilipotolewa upya mwaka 1981, baada ya The Far Pavilions kumpatia mwandishi wake umaarufu mkubwa mwaka 1978, iliingia katika soko lililokwisha zoea. Sioni kuwa jambo hilo ni udhuru. Lililoniumiza kuliko ubakaji wenyewe ni hesabu iliyo nyuma yake. Tendo ni moja, limetendwa mara mbili. Alipotendewa Zorah, kitabu kinaliita uovu, kinamlilia, na kinamhukumu Clayton bila huruma. Alipotendewa Hero, kitabu kinatafuta maneno mengine, kinaeleza huzuni ya mtendaji, kinatukumbusha jinsi alivyokuwa amempenda marehemu. Wanawake wawili wamefanywa daftari la madeni kati ya wanaume wawili, na mmoja kati yao amekufa ili deni liweze kuandikwa.

Na Zorah huyo hana sauti. Hilo ndilo linalonirudia kila nikikifunga kitabu. Tunajua kwamba anampenda Rory na kwamba ni mzuri. Hatujui alitoka wapi kwa kiasi cha kuweza kumkumbuka mama yake pamoja naye, hatujui anazungumza nini na majirani, hatujui anamwonaje mwanamume aliyemlipia fedha. Wala hatuwezi kusema kwamba mwandishi alikosa pa kupata habari. Watoto wote wa Sayyid Said waliokuwa hai alipofariki, ambao kwa hesabu ya Salme walikuwa 36, walizaliwa na masuria. Majid ni mtoto wa suria, Barghash ni mtoto wa suria. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo baada ya wazazi wake kuuawa, na Salme ameandika juu yake kwa mapenzi makubwa: namna alivyokuwa akiuguza wagonjwa wa jumba zima, namna alivyotaniwa na kupendwa. Masimulizi hayo yalitoka kwa Kijerumani mwaka 1886 na kwa Kiingereza miaka michache tu baadaye. Maisha ya suria, na hali yake kisheria, kwamba akishamzalia bwana wake mtoto hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru, yalikuwa yameelezwa waziwazi. Zorah angeweza kuwa mtu. Kaye alikuwa na vifaa vyote mezani.

Jilfidan alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, na hapo nimeona kosa jingine dogo la kisanaa ambalo si la kimaadili. Katika riwaya, kipindupindu kinaufikia mji baada ya uasi, na kinampa Hero kazi ambayo hatimaye inamfaa: anaacha kuhutubia, anaanza kuosha, kulisha na kuzika. Kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo bora katika kitabu kizima. Hakuna anayemshukuru, naye hana muda wa kutaka shukurani. Anajifunza kupokea amri kutoka kwa watu wanaojua zaidi yake, na lugha yake yenyewe inabadilika, sentensi zake zinakuwa fupi. Lakini katika historia mpangilio ulikuwa kinyume. Salme alifiwa na mama yake kwanza, na ni katika upweke wa msiba huo ndipo Khole alipomvuta katika njama za Barghash. Msichana wa miaka 15, yatima wa baba na sasa wa mama, anaandika barua za uasi dhidi ya kaka aliyemlea vizuri, kwa sababu hawezi kumkatalia dada anayempenda. Hiyo ni sababu yenye uzito kuliko fitina zote zilizotungwa, na imeachwa.

Watu wa kawaida wa mji, nao, wanapita tu. Wachukuzi, wavuvi, wapishi, mafundi wa majahazi, Wahindi wa dukani, watu wa mashamba ya karafuu wanaonekana kwa wingi na kusikika kwa nadra. Wanapiga kelele, wanakimbia, wanakufa kwa kipindupindu. Katika mwaka ule ule wa hadithi, ushuru wote wa Unguja ulikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Kihindi ya Jairam Shivji, ikisimamiwa hapa na Ladha Damji, na hakuna Sultani wala mwasi aliyeweza kupiga hatua bila kuifikiria fedha ya mtu huyo. Rigby alikuwa akiwafungua maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi aliowahesabu kuwa raia wa Kiingereza, jambo lililoutikisa mji kuliko risasi za Marseilles. Mambo hayo ni mali ghafi tupu ya riwaya, na mwandishi mwenye macho makali kama ya Kaye angeweza kuyatumia kama angekubali kwamba macho ya Mzungu aliyekaa roshanini si macho pekee yaliyomo mjini.

Sitaki hata hivyo kusema kwamba sauti ya ndani ingetuondolea matatizo yote. Salme, ambaye namtaja kwa mapenzi, aliutetea utumwa. Katika kumbukumbu zake anadai kwamba utumwa wa Mashariki hauwezi kulinganishwa na ule wa Marekani, na anawalaumu Waingereza kwa haraka yao ya kuukomesha. Alikuwa binti wa mtumwa na binti wa mfalme kwa wakati mmoja, na kalamu yake iliegemea upande wa baba. Nikizisoma Kaye na Salme pamoja naona kila mmoja akishika pale mwenzake alipoachia: Mwingereza anaiona minyororo asimwone mtu, na binti wa Sultani anamwona mtu na kuipitia minyororo juu juu. Baina yao ndimo ninamomtafuta Zorah.

Basi kwa nini bado naipenda riwaya hii? Kwanza, kwa sababu ya wahusika wa upande. Luteni Dan Larrimore, afisa wa jeshi la majini la Uingereza anayemwinda Rory kwa chombo chake Daffodil, ni mtu mwadilifu ambaye uadilifu wake haumpatii chochote, na Kaye hamdhihaki kwa hilo. Kila mara anaposhindwa kumkamata Rory nilijikuta nimegawanyika: namtaka amkamate, kwa kuwa haki iko upande wake, na namtaka amkose, kwa kuwa hadithi itaisha. Mwandishi anayeweza kumweka msomaji katika hali hiyo kwa mamia ya kurasa ana ufundi ambao hauwezi kukanushwa. Pili, mazungumzo. Hero na Rory wanagombana kama watu wanaofikiri. Hoja ya mmoja inaibadilisha ya mwenzake, na mara nyingine wote wawili wamekosea, jambo lililo adimu katika riwaya za aina hii ambapo kwa kawaida mwanamume ndiye mwalimu.

Na tatu, nikiri kwamba kuna furaha ya pekee katika kuuona mji wako umechukuliwa kwa uzito na mtu ambaye hakulazimika kufanya hivyo. Kaye angeweza kuandika hadithi ya kisiwa chochote chenye minazi. Alichagua mwaka mmoja mahususi, mgogoro mmoja mahususi, akaufuata upepo wake na mitaa yake, akawaacha Majid, Barghash, Khole na Salme wabaki na majina yao. Nikipita Shangani jioni, baada ya kuisoma, nyumba zile nilizozizoea zina watu ndani tena. Kazi hiyo imefanywa na riwaya ya mapenzi yenye ila, na haikufanywa na vitabu kadhaa vya historia nilivyovisoma kwa adabu na kuvisahau.

Ningetamani mwandishi wa huku auchukue mwaka ule ule na kuuandika kwa Kiswahili, bila kuona haya ya mapenzi wala ya fitina wala ya baharia mwenye sura nzuri, kwa sababu hizo ndizo zilizonishika mkono hadi ukurasa wa mwisho. Abakishe Kaskazi, abakishe roshani zinazosikilizana, abakishe hata Mwingereza mwenye meli. Ila hadithi ianzie ndani ya nyumba ya Rory siku Zorah alipoletwa pale, na ifike forodhani kwa Ladha Damji, na ipite Mtoni kwa Jilfidan kabla kipindupindu hakijamchukua.

Nakala yangu naiazimisha kwa yeyote anayeiomba. Humweleza mapema juu ya Zorah na juu ya kisasi cha Rory, kwa sababu wapo wasomaji ambao hawatataka kupita hapo, nao wana haki yao; wengine humaliza, na wakirudisha kitabu huja na mabishano tayari, hasa wanawake, na mabishano hayo hutuchukua jioni nzima.